Mistari Mitatu ya Chaki

Saa kumi na mbili ya jioni ilitukuta njiani, kijijini Wamaza, mimi na Théophile mwenye pikipiki, gurudumu la nyuma limetoboka. Hasira nilikuwa nayo tayari. Tangu asubuhi nilikuwa nimezunguka maduka ya Salamabila nikitafuta alimentation, kile kisanduku cha chuma kinachokaa ndani ya kompyuta na kuigawia kurent, umeme wake, na sasa nilikuwa narudi Kasongo mikono mitupu.

Nieleze kidogo, maana mtu asiyejua kazi yangu atasema nilikuwa mjinga. Mimi ni Jeannette, Mama Laetitia. Ukiona video ya ndoa pale Kasongo, au ya ubatizo, au ya matanga, karibu zote zimepita kwenye mashine yangu. Mwaka huu ndugu yangu aliyeko Bukavu alinitumia karte grafike, karte inayoisaidia kompyuta kutengeneza picha haraka. Karte nzuri kabisa. Lakini karte ya namna hiyo inakula. Yenyewe tu inataka wati mia moja na sabini, na kisanduku changu cha zamani ni cha wati mia tatu, tena mia tatu za mdomo. Kila nikianza kutoa video, dakika mbili tu, halafu... tak. Skrini giza. Kazi ya siku nzima imekwenda.

Salamabila walinionyesha visanduku saba. Karatasi ya ubavuni inasema mia sita, mia saba, kimoja hata elfu. Namba ile kubwa usiisome, ni ya kudanganya wageni. Soma mstari wa volti kumi na mbili, uone inatoa ampere ngapi, kwa sababu karte inakula hapo. Tafuta waya wa karte, ule wa matundu manane. Halafu kipime kwa kiganja, maana kisanduku cha kweli kina uzito. Wauzaji wa Salamabila nao wanajua hivyo. Pale watu wanapima kila kitu kwa kiganja, wamezoea dhahabu, basi wanagandisha kipande cha chuma ndani ili kisanduku kiwe kizito. Nilimfungulia mmoja skurubu mbele ya wateja wake, nikakitoa chuma chake, nikakiweka juu ya meza. Alinitukana. Nikamrudishia matusi yake yote, na mengine ya nyongeza.

Basi, tuko Wamaza. Théophile anaziba gurudumu, mimi naenda kutafuta mandazi. Jua limeshaingia, watu wanafunga vibanda. Nyuma ya kibanda cha mwisho nikaona taa.

Meza moja. Taa moja, nyeupe, inawaka bila kutetemeka. Nilitazama juu nitafute paneli ya jua, hakuna. Nilitega sikio nisikie motere ya kurent, yaani jenereta, hakuna. Niliyaona hayo yote, mimi fundi wa miaka kumi na miwili, na sikuuliza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nyuma ya meza alikaa mwanaume wa umri wangu, mwembamba, shati lake safi. Alikuwa na chaja za simu, betri za zamani, na katikati ya hizo kisanduku kimoja cheusi kisicho na karatasi yoyote. Nilikinyanyua. Kizito. Nilikitikisa, ndani hakuna kilicholegea. Waya zake nene, na matundu manane yapo, tena mara mbili. Kilikuwa kinanuka udongo uliolowa, na chini ya udongo huo... nywele zilizoungua.

"Inatoa wati ngapi?" niliuliza.

Alijibu kwa sauti ya chini, kama mtu aliye karibu na mgonjwa.

"Itatosha."

"Itatosha si namba, papa."

"Inategemea nyumba. Ku nyumba yenu, muko watu ngapi?"

Nisikilizeni vizuri hapa. Kwetu watu hawahesabiwi. Mama yangu, Mathilde, ukimuuliza ana watoto wangapi, anakujibu: "Wako." Ukimuuliza nyumbani ni wangapi, anakujibu: "Tuko, Mungu anatujua." Walipokuja watu wa vyandarua kuandika kila nyumba, mama aliwajibu hivyo hivyo, "Tuko", na wakatuachia chandarua kimoja, na jirani mwenye ulimi mwepesi akapata vitatu. Mbu wamenila msimu mzima kwa sababu ya adabu ya mama. Na hawa wauzaji wa paneli za jua nao wanauliza hivyo hivyo: taa ngapi, simu ngapi, watu wangapi, wapate kujua nguvu ya kukuwekea. Niliona ni swali la kazi. Tena nilijibu kwa kumkomoa mama, ambaye hata hakuwepo.

"Watatu," nilisema. "Mama yangu, bwana yangu, mutoto yangu."

Aliniangalia kwa muda mrefu. Alichukua chaki, akapiga mistari juu ya kisanduku.

Mmoja.

Wa pili.

Wa tatu.

Bei aliyotaja ilikuwa ndogo, nikalipa kabla hajabadilisha mawazo. Théophile alikataa kukiweka mbele yake kwenye pikipiki. "Mama Laetitia, hii kitu inanuka," alisema. Nilimwambia hata yeye ananuka na bado napanda naye. Tulilala Wamaza kwa shemeji yake, na asubuhi nilikibeba mgongoni mpaka Kasongo. Njia nzima baridi yake ilipenya nguo zangu mpaka kwenye mifupa.

Nilikifunga siku hiyo hiyo. Mashine iliwaka kama haijawahi kuwaka. Video ya ndoa ya saa mbili, iliyokuwa inanipotezea siku nzima, ilitoka kwa dakika ishirini. Feni ya kisanduku haikuzunguka hata mara moja, na chuma chake kilibaki baridi. Nilijipigia makofi.

Siku ya tatu, saa nne ya asubuhi, petroli iliisha kwenye motere yangu. Ilikohoa, ikanyamaza. Taa ya nyumba ikazimika.

Mashine haikuzimika.

Nilichomoa waya ukutani. Nikaushika mkononi, hivi, ukining'inia. Kwenye skrini mstari wa kijani uliendelea kutembea, asilimia arobaini, arobaini na moja, arobaini na mbili...

Na mimi nilifanya nini? Nilicheka. Kurent ya bure, hapa Kasongo, nani angeikataa? Nilivuta kiti nikaendelea na kazi. Wiki hiyo nilimaliza video kumi na moja.

Wiki hiyo hiyo Dominique, bwana yangu, mtu anayelima tangu alfajiri mpaka jua la utosi, alianza kurudi saa tatu ya asubuhi na kulala. Nilimwita mvivu mbele ya ndugu zake. Mama akaanza kuota jua mchana amejifunika vitenge viwili, anasema baridi. Laetitia, ana miaka minane, aliletwa nyumbani na mwalimu wake kwa sababu alisinzia akiwa amesimama kwenye mstari. Nilimpeleka kupimwa damu, hawakuona malaria, wakampa vidonge vya kuongeza damu. Niliwakasirikia wote. Mimi nafanya kazi, na nyumba nzima inalala.

Jumamosi mchana Laetitia alikaa kwenye mkeka karibu na mashine, anakunywa chai. Mimi nilibonyeza kutoa video. Mstari wa kijani ukaanza kutembea.

Kikombe kilianguka.

Niligeuka nimgombeze. Kichwa chake kilikuwa kimelala begani, macho yakiwa wazi, midomo imepauka. Nilisimamisha kazi ya mashine ili nimnyanyue, na nilipoisimamisha tu, mtoto akapepesa macho.

"Mama, nimemwaga chai?"

Mungu anisamehe kwa nililofanya baadaye. Fundi hapimi mara moja. Nilibonyeza tena.

Kichwa kikaanguka tena.

Nilimwita mama kwa sauti ambayo sikuijua. Alikuja akishikilia ukuta. Ubavu wa kompyuta ulikuwa wazi, na mama aliona ile mistari mitatu ya chaki kabla sijafungua kinywa. Akanong'ona.

"Nani alihesabu watu wa nyumba hii?"

"Mama, ni mutu mumoja ku Wamaza, aliniuliza tu..."

"Mbuzi ndiyo inahesabiwa. Mutu anaitwa jina." Alivuta pumzi. "Na wewe, ulijihesabu?"

Nilihesabu tena moyoni. Mama yangu, bwana yangu, mtoto wangu.

"Hapana, mama. Sikujihesabu."

"Basi ndiyo wewe mwenye kula hawa watatu," alisema.

Alilisema bila ukali, na hilo lilinikasirisha kuliko tusi. Nilichukua bisibisi. Skurubu nne, kifuniko kikatoka. Mule ndani kwa kawaida kuna transfo, kuna kondensa, kuna shaba iliyozungushwa. Hapakuwa na kitu hata kimoja cha hivyo. Kulikuwa na udongo. Mwekundu, umelowa, kama ule wanaoutoa mashimoni Salamabila. Waya zangu nene zilikuwa zimeingia humo zikajigawa vijiwaya vijiwaya, kama mizizi ya muhogo. Niliweka kidole. Ulikuwa na joto.

Ulikuwa unapanda na kushuka... polepole... kama kifua cha mtu aliyelala.

Nilichukua koleo nikate waya mmoja. Meno ya koleo yalipougusa tu, Laetitia alipiga kelele kwenye mkeka, na nyuma ya ukuta Dominique akapiga kelele ile ile, na mama akajikunja pale ukutani. Koleo lilinianguka. Nilijaribu kufuta chaki kwa mate, kwa kitenge, kwa petroli. Haikutoka hata chembe. Kompyuta niliizima, lakini ile taa yake ndogo ya mbele ilikataa kuzimika.

Niliondoka na Théophile wakati huo huo. Jua linaingia, tukafika Wamaza. Meza ilikuwepo. Taa ilikuwepo. Nilimkamata yule mtu kwenye ukosi wa shati, bisibisi mkononi, na hakupinga. Alikuwa mwepesi kama nguo iliyoanikwa.

"Futa ile mistari," nilimwambia.

"Siwezi. Anafuta mutu aliyehesabiwa. Anafuta ya wengine, anabeba mzigo yote peke yake."

"Nani alikupatia ile kitu?"

"Mimi pia waliniuliza," alinong'ona. "Ku Kabambare. Nilikuwa naweka paneli za jua, niliona ni swali ya kazi. Nilikuwa na bibi, na watoto..." Alisita kabla ya kufika kwenye namba. "Walikuwako."

"Na ukaja kuniuliza mimi."

"Sikutaka, mama. Wewe uliuliza wati, mimi nilitaka kukuambia uende. Kinywa kinauliza chenyewe."

Ningemchoma bisibisi, nasema kweli. Kilichonizuia si huruma. Ni kwamba nilikumbuka nani amebaki nyumbani na akili zake zote, nani anazijua desturi hizi kuliko mimi, na nani ana kichwa kigumu kuliko changu. Nilimwachilia nikamkimbilia Théophile.

Tulifika Kasongo asubuhi. Laetitia alikuwa uani anaruka kamba. Dominique anapasua kuni, jasho linamtiririka. Alinicheka, eti nimetoka wapi na vumbi lote lile.

Ndani, juu ya kisanduku, ulibaki mstari mmoja.

Mama alikuwa amelala kitandani kwangu, vitenge vyote vya nyumba juu yake. Kiganja chake cha kulia kilikuwa cheupe kwa chaki.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimehesabu," alisema, na akatabasamu kidogo. "Chandarua ilinipita kwa kukataa kuhesabu. Hii nimehesabu mwenyewe. Mumoja."

Nilimgombeza. Ndiyo, mama yangu anakufa na mimi namgombeza: nani alikuruhusu, nani alikuambia umalize mambo bila kunisubiri, siku zote unafanya hivyo. Alinisikiliza mpaka nikachoka. Akaniambia nisiache chai ya mtoto ipoe. Saa tisa ya mchana taa ndogo ya mashine ilizimika, na mama naye.

Tulimzika. Udongo wa kisanduku ulikuwa umekauka, mwepesi kama majivu. Dominique na Théophile walikipeleka mpaka Nyangwe, wakapanda mtumbwi, wakakitupa katikati ya mto Lualaba, na Théophile ameniapia kwamba kilizama. Mimi nilirudisha kisanduku changu cha zamani, cha wati mia tatu za mdomo. Karte niliiacha ndani, sikuwa na moyo wa kuishika. Kila nikijaribu kutoa video, dakika mbili, tak. Nilikuwa naipenda ile tak. Ilikuwa inaniambia kwamba mashine yangu ni mashine.

Alhamisi iliyopita, saa kumi, alikuja Marcellin, wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kijana mwema, anacheka ovyo. Naye amepata karte grafike, anataka kujua achague alimentation gani. Nilimwelekeza kama ninavyowaelekeza wote. Karte yako mia na sabini. Prosesa sitini na tano. Weka na za diski na feni, jumlisha, halafu ongeza nusu nzima ili kisihangaike. Soma mstari wa volti kumi na mbili. Aliandika kwenye daftari. Nilifungua kinywa nimwambie: na usinunue kitu Wamaza, hata wakikupa bure.

Nikasikia sauti ya chini, kama ya mtu aliye karibu na mgonjwa.

"Ku nyumba yenu, muko watu ngapi?"

Ilikuwa sauti yangu.

Marcellin alicheka. Akanyoosha mkono wake, akaanza kukunjua vidole, kama watu wanavyofanya.

"Moja," alisema. "Mbili..."

Nilimpiga kofi. Nilimpiga kwa nguvu zangu zote, kalamu ikaruka mpaka mlangoni. Alitoka ameshika shavu, na mtaa mzima sasa unasema msiba umenivuruga kichwa. Waseme.

Nilirudi ndani. Nilifungua ubavu wa kompyuta. Juu ya kisanduku changu cha zamani, changu mwenyewe, ambacho hakijawahi kufika Wamaza, kulikuwa na mistari miwili.

Nilitazama mikono yangu. Vidole viwili vya kulia vilikuwa vyeupe. Nyumbani mwangu hakuna chaki.

Kumbe mama alishaniambia kwamba mwenye kula ni mimi, na mimi nikapeleka hasira yangu kwenye chuma.

Sikuamini. Nilijiambia kisanduku cha mia tatu hakiwezi kubeba karte ile, hilo nalijua kuliko ninavyojua jina langu. Nilichagua video ndefu kuliko zote nilizonazo, ya mazishi ya mama, saa tatu. Nilibonyeza. Nilingoja tak. Dakika mbili. Dakika tano. Niliiomba tak, niliinong'oneza skrini kama mtu anayesali. Mstari wa kijani ulitembea mpaka mwisho bila kusita.

Ulipofika mwisho, ndipo nilipokumbuka unatembea kwa nguvu za nani. Niliizima mashine, na ile taa yake ndogo ya mbele ikabaki inawaka.

Marcellin ana mke wake, Laura. Ana mtoto wa miezi saba. Ana mama yake mwenye pumu. Sijui alianza na nani.

Nilikwenda kwake jioni ile ile ili nimweleze, mmoja wao aje afute kabla hawajalegea. Alinifungia mlango usoni, na haki yake. Ijumaa nilikwenda tena. Jumamosi nilimtuma Dominique, akarudi akisema wanapumzika. Leo ni Jumapili, saa sita ya mchana, watu wametoka kanisani. Nimesimama mbele ya nyumba ya Marcellin, nimebisha hodi mpaka mkono unauma. Viatu vyao vyote viko hapa mlangoni. Ndani wanalala.